Barua kwa Mpwa Aliyenunua Kinoo cha Kisasa

Wete, Pemba

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako amepiga simu kueleza kwamba kinoo chako kimefika kutoka Dar es Salaam: kibanio, fito za chuma na mawe ya rangi mbalimbali, vyote ndani ya kisanduku kimoja. Amesema pia kwamba umeshakusanya visu vya nyumba nzima na unataka kuanza leo hii. Ngoja kidogo, mwanangu. Mjomba wako ana maneno, wala si ya kukuvunja moyo, maana hakuna kazi ya mikono anayotamani kuiona ikirudi majumbani kuliko hii.

Pemba haiishi bila kisu. Mwenye mikarafuu anafyeka magugu chini ya miti kabla ya msimu wa kuchuma. Mvuvi anakata kamba na chambo akiwa majini. Mama anamenya muhogo, muuza madafu anafungua dafu, na muuza pweza anakata vipande mbele ya mteja. Mpasuaji samaki mzoefu, awe Tumbe au Wesha, hangoji kisu kife mkononi. Hukigusisha jiweni mapema, makali yangali hai. Majumbani mwetu ni kinyume. Kisu kinatumika mpaka kinaiponda tungule badala ya kuikata, ndipo mtu anakumbuka kwamba visu hunolewa.

Na akikumbuka, hutoka uani kwenye ukingo wa ngazi ya saruji. Watu hawakukosea kuichagua ngazi. Ndani ya saruji mna mchanga, na chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha kisu, kwa hiyo zinakikwangua kweli. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, kinachotoka 1 hadi 10, mchanga wa kwatzi uko kwenye 7. Jiwe la matumbawe lililotumika kujengea nyumba nyingi za pwani liko karibu na 3 tu, ndiyo maana kisu kinaweza kusuguliwa juu yake asubuhi nzima kisipate kitu. Hata kitako cha kikombe cha kauri, ule mduara wa chini usio na mng'ao, kinanoa vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Kinachoharibu kisu pale ngazini ni mkono. Pigo moja kisu kimelala, la pili kimeinuka, la tatu kimepinda. Makali yanakuwa mviringo, na kisu kilichonolewa jioni kinashindwa asubuhi.

Shida hiyo ya mkono kuyumba ni ya kale, na kisiwa hiki kina ushahidi wake. Wanaakiolojia Jeffrey Fleisher na Adria LaViolette walichimba Tumbe, mahali palipokaliwa kati ya karne ya 7 na ya 10, wakakuta kwa wingi vigae vya vyungu vilivyochimbika mifereji. Mwaka 2008, wakiwa pamoja na James Flexner, walichapisha uchambuzi wa vigae hivyo: vilitumika kusugulia shanga zilizotengenezwa kwa makombe. Mjomba wako akivifikiria vigae vile anamwona fundi ambaye mfereji umeshamchimbikia, na kila shanga inayofuata inapita njia ileile bila pa kuyumbia. Kinoo chako kimejengwa juu ya wazo hilo.

Vinoo vya namna hii vilienea sana kupitia kampuni ya Lansky ya Buffalo, New York, iliyoanza mwaka 1979, na vingi vya bei nafuu vinavyotengenezwa China leo vinafuata muundo huo. Kibanio kinaushika mgongo wa kisu. Jiwe limefungwa kwenye ufito, na ufito unapita katika tundu lililo juu zaidi ya bapa la kisu. Katika kile cha Lansky yapo matundu manne kila upande: nyuzi 17, 20, 25 na 30. Hizo ni nyuzi za upande mmoja, kwa hiyo kisu kilichonolewa kwa 20 kulia na 20 kushoto kina makali ya nyuzi 40 kwa jumla.

Namba hizo zichukuliwe kuwa makadirio. Tuseme tundu liko sentimita 5 juu ya bapa, na makali ya kisu chembamba yako sentimita 14 kutoka kwenye tundu. Pembe inakuwa karibu nyuzi 20. Ukiweka kisu kipana cha nyama, makali yakasogea hadi sentimita 17, tundu lilelile linatoa karibu nyuzi 16. Kifaa hakijaharibika, hesabu ndiyo ilivyo. Jambo la maana ni kwamba pembe yoyote uliyoichagua ibaki ileile kila pigo, kila upande, na kila safari ya kunoa. Kwa hiyo andika kwenye karatasi uiweke ndani ya kisanduku: kisu gani, tundu gani, kibanio kilishika wapi. Safari ya pili kazi inakuwa ya dakika chache, kwa sababu jiwe linaikuta njia yake ya zamani.

Ncha ndiyo inayowasumbua wengi. Kwenye sehemu ya makali iliyonyooka, pembe haibadiliki jiwe linapokwenda huku na huku. Penye upinde wa kuelekea nchani hubadilika, ikipanda au kushuka kutegemea kibanio kimeshika wapi. Dawa yake ni makapeni. Paka wino mwembamba pembezoni mwa makali pande zote mbili, pitisha jiwe mara mbili tatu kwa upole, kisha tazama. Wino ukifutika juu tu, karibu na bapa, pembe yako ni ndogo mno. Ukifutika ukingoni tu, ni kubwa mno. Ukifutika sawasawa kuanzia kitakoni mpaka nchani, umepata, na kibanio kisiguswe tena. Kisu kirefu kinaweza kuhitaji kubanwa sehemu mbili, moja baada ya nyingine.

Sasa shika hili, maana ndilo lililomfanya mjomba wako achukue kalamu. Kifaa kinaishika pembe, lakini hakijui kama kisu kimenoleka. Anayejua ni wewe, na unajua kwa ncha za vidole. Jiwe likisugua upande mmoja mpaka kufika ukingoni kabisa, chuma chembamba kinakunjikia upande wa pili. Ukitelezesha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje, ukivuka makali kwa kuyakata na wala si kwa kufuata urefu wake, unausikia mkunjo huo ukikwaruza. Usiposikika, hujafika, endelea, hata kama mkono umechoka. Usikike urefu wote, pasiruke hata sehemu moja, ndipo ugeuze upande wa pili na kufanya vivyo hivyo. Wanaoanza hubadilisha mawe kwa kuhesabu mapigo, wakafika kwenye jiwe laini kabisa wakiwa na kisu kinachong'aa kisichokata. Jiwe la kwanza, lile la kukwaruza, ndilo lenye kazi kubwa zaidi, na likimaliza kazi yake sawasawa, mengine yote ni ya kusafisha.

Namba za mawe zinasomwa sawa na zile za msasa: ndogo inakwaruza, kubwa inalainisha. Seti nyingi huanzia 70 au 120 na kufika 600 au 1000. Kisu kisicho na mapengo hakina haja ya 70. Kadiri namba inavyopanda, mkono uwe mwepesi, mpaka mwisho jiwe lipite kwa uzito wake lenyewe, mara moja upande huu na mara moja upande ule, ili mkunjo ule ung'oke kabisa. Ukibaki, kisu kitakata vizuri sana siku ya kwanza, kisha mkunjo utalala na utadhani kimekwisha makali. Malizia kwa kukiburuta kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi au boksi la karatasi ngumu. Mawe ya almasi yatiwe maji tu na yasikandamizwe. Mafuta ya kupikia yasitumike kwenye jiwe lolote, kwani yanaganda na kuziba vinyweleo. Lakini kisu cha chuma kinachoshika kutu, baada ya kuoshwa na kukaushwa, kinafaa kupakwa mafuta ya nazi kidogo. Hewa yetu ina chumvi, na ndimu, ukwaju na embe mbichi vinakula makali kisu kikiachwa kichafu usiku kucha.

Pembe ipi kwa kisu kipi? Kisu chembamba cha kuchuna minofu ya samaki kinapendeza kwenye 17. Cha vitunguu, tungule na mboga kinatosha kwa 20. Kile kinachogonga mifupa kipewe 25, maana makali membamba yanavunjika yakikutana na mfupa. Na panga lisipelekwe kwenye kibanio hata kidogo. Chuma cha panga kimefanywa laini makusudi ili lisivunjike likigonga gogo au jiwe. Tupa inalitosha, kwa pembe ya 25 au 30, na mkulima anaweza kulinoa akiwa amekaa juu ya gogo hukohuko shambani.

Ukienda Dar es Salaam utawaona wanoa visu wa baiskeli, wanaokanyaga pedeli na kuzungusha jiwe la mviringo. Ni watu wa kuheshimiwa, na riziki yao ni ya jasho. Mwenye jiwe la umeme linalokwenda kasi bila maji ndiye wa kuangaliwa. Chuma cha kisu hutiwa moto mkali, hupozwa ghafla, kisha hupashwa tena polepole. Vingi vya jikoni hupashwa karibu nyuzijoto 200. Cheche zikiruka na ukingo mwembamba ukageuka rangi ya buluu, joto limefika karibu 300, na pale pamelainika. Hapashiki tena makali mpaka sehemu hiyo iondolewe yote. Kinoo chako cha mkono hakiwezi kufanya kosa hilo, na kwa sababu hiyo pekee kinastahili nafasi yake jikoni.

Ipo pia haki ya mnyama. Katika hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aws, iliyomo katika Sahihi ya Muslim, Mtume (S.A.W.) aliagiza wema katika kila jambo, na akataja kuchinja kwa jina: mchinjaji anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Imepokewa pia kwamba alimkemea mtu aliyekuwa akinoa kisu mbele ya mnyama anayetaka kumchinja. Hivyo kisu cha Iddi kinolewe siku moja kabla, ndani, mbali na zizi. Pitisha ukucha taratibu juu ya makali urefu wote: ukikwama popote pana pengo, na kisu hicho hakijawa tayari. Tumeona mara nyingi mno mwenye nyumba akihangaika na kisu butu asubuhi ya Iddi Kubwa huku watoto wakitazama. Hilo halina udhuru.

Tahadhari mbili za nyumbani. Bibi na mama zako wanakata kitunguu mkononi bila ubao, kisu kikielekea kwenye dole gumba, na wamezoea visu vinavyohitaji kusukumwa. Ukiwanolea bila kuwaambia, watajikata siku hiyohiyo. Waonyeshe kwanza kwa kukata karatasi, kisha wanunulie ubao wa mti. Sinia na sahani zinaua makali kwa siku chache. Ya pili ni yako mwenyewe: kibanio kifungwe mezani, kisishikwe mkononi huku jiwe likienda kuelekea makali yaliyo wazi, na mtoto asikae karibu.

Binamu zako wasio na pesa ya kifaa wasiachwe nyuma. Chukua kipande cha kioo kinene, usugue kingo zake zisikate, kisha ubandike juu yake msasa wa maji wanaotumia wapaka rangi wa magari, namba 400 kwanza na 1000 baadaye. Mwambie seremala akate kabari ya mti yenye kitako cha sentimita 11 na kimo cha sentimita 4. Mteremko wake ni nyuzi 20 kamili kwa matumizi yetu. Kisu kikilazwa juu ya kabari kabla ya kila pigo, mkono unajifunza pembe. Wakikosa hata kabari, wakunje kona ya karatasi, ile ya nyuzi 90, mara mbili. Wanapata 22 na nusu, na hiyo inatosha kuanzia.

Usianze na kisu kizuri cha mama yako. Chukua kile cha zamani chenye mpini uliofungwa kamba, ukae nacho mpaka uusikie mkunjo pande zote mbili, na ukisha kukiweza, endelea na vingine. Kisha, kabla ya Iddi ya kuchinja, pita kwa majirani, hasa kwa wazee wanaoishi peke yao, uwachukulie visu vyao uwanolee bila malipo. Na umfundishe japo kijana mmoja hapo mtaani, msichana au mvulana, ajue kuusikia mkunjo huo kwa kidole chake.

Wasalaam,

Mjomba wako