Barua Niliyochelewa Kuijibu

Marehemu bibi mzaa babu yangu alikuwa mwenyeji wa Ukerewe. Utotoni hakupelekwa shule. Mwaka 1971, Ukerewe ilipokuwa miongoni mwa wilaya 6 zilizochaguliwa kwanza kufuta ujinga, alikwenda darasani jioni na mtoto mgongoni, akajua kusoma na kuandika.

Mimi kitukuu chake nilipoingia bweni, aliniandikia kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizopinda: "Mume wangu, je, unashiba huko?" Niliona haya wenzangu wasije wakanicheka, nikaificha barua chini ya godoro. Nikasema nitajibu baada ya mtihani.

Muhula uliopita niliitwa nyumbani. Niliposhuka melini Nansio, alikuwa amekwisha zikwa. Babu aliniambia kuwa kila aliposikia mtu ametoka Mwanza, marehemu aliuliza kama ameletewa barua. Maneno hayo yalinichoma sana.

Usiku ule niliandika jibu: "Bibi, nashiba." Lakini nani wa kulisoma?

Basi, ndugu zangu wanafunzi, aliye na mzee wake hai na amwandikie leo. Mungu amlaze bibi yetu mahali pema.