Sebule ya Marijani: Saa Sita Doha Tukielekea Umra



Wengi wenu mliotuaga katika uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, mlituomba tukirudi salama tuwasimulie safari yetu ya umra. Habari za Makka na Madina wameshaziandika waliotutangulia, na wenye elimu kutushinda. Sisi tumechagua kusimulia saa sita za njiani tu, tulizozipitisha katika uwanja wa ndege wa Hamad mjini Doha, ndani ya sebule ya wasafiri wa daraja la biashara. Ni mahali ambapo hatukuwahi kudhani tutaingia, na huenda tusiingie tena.

Tulikuwa wawili, mama na bintiye. Katika ndege hiyo hiyo walikuwamo wenzetu wa kikundi cha umra, akiwemo mjomba wetu aliyekuwa mahram wetu, na jirani yetu wa mlango kwa mlango ambaye yeye na mama walisoma chuo kimoja tangu utotoni. Wao walikaa nyuma, daraja la kawaida. Sisi tulikaa mbele. Si kwa utajiri. Mama ana maradhi ya magoti na mgongo yaliyomfanya aiahirishe safari hii mara nyingi. Kaka yetu, ambaye ni dereva huko huko Doha, alinuia kwamba mama akienda umra, asiteseke njiani. Alidunduiza miaka mitatu. Alipotutumia tiketi alituambia hivi: "Mkifika Doha, mwingizeni mama katika ile sebule. Mimi nimewashusha watu mlangoni pa uwanja ule usiku na mchana, na huwasikia wakiisifu. Nataka mama yangu aione."

Yeye mwenyewe hajaiona. Asiye na tiketi ya ndege havuki ukaguzi, na usiku ule alikuwa zamu. Tulitua katika mji anaoishi, na hatukuonana naye.

Uwanja wa Hamad ulifunguliwa mwaka 2014 kuchukua nafasi ya uwanja wa zamani wa Doha, na ni mkubwa kiasi cha kumchosha hata mwenye miguu mizima. Tulipokelewa na kijana mwenye kiti cha magurudumu, akamsukuma mama mpaka penye ukumbi mkuu wa maduka. Hapo katikati amekaa dubu mkubwa wa rangi ya manjano, urefu wake kiasi cha mita 7, na kichwani ametiwa taa ya mezani. Ni kazi ya msanii wa Uswisi, Urs Fischer. Watoto walikuwa wakipigwa picha miguuni pake. Mama alimtazama kwa muda, kisha akauliza: "Na huyu naye anangoja ndege?" Kijana aliyemsukuma hakujua Kiswahili, lakini aliposikia tukicheka alicheka nasi.

Sebule yenyewe yaitwa Al Mourjan. Jina hilo tulilitambua mara moja, kwani ni neno letu pia: marijani, lile tumbawe jekundu la baharini. Watu wa Pwani hatuhitaji kufundishwa thamani ya matumbawe. Nyumba za Mji wa Kale, za Lamu na za Pate zimejengwa kwa mawe yatokanayo na matumbawe, na katika nyumba hizo kulikuwa na daka la kumpokelea mgeni na baraza la nje lisilo na mlango wala ada. Basi tukaingia tukiwa na hamu ya kujua sebule ya marijani ya Waarabu wa Ghuba inamkirimu mgeni namna gani.

Mlangoni tuliombwa pasi za kupandia ndege, zikaangaliwa, tukakaribishwa kwa adabu. Tulipanda kwa lifti, tukatokea mahali penye nafasi ya kama mita za mraba 10,000. Katikati pana kidimbwi kipana cha maji matulivu, na kando yake ngazi ya mzunguko iendayo kwenye mkahawa wa juu. Dari iko mbali, taa ni za upole, viti vimepangwa makundi makundi ili kila watu wakae na faragha yao. Kilichotushangaza zaidi ni utulivu. Nje tuliacha vishindo vya magari ya mizigo na watoto wanaolia. Ndani, watu mamia walikuwa wakinong'ona.

Mama alikaa kwenye ncha ya kiti, mkoba wake mapajani, kama mtu aliyekwenda ofisini kuomba jambo. Tulimwambia aegemee, akajibu kuwa hajachoka. Ndipo akapita binti mmoja wa wahudumu, akasikia tukizungumza, akasimama akasema, "Shikamoo, mama. Karibuni sana." Alikuwa Mkenya, mzaliwa wa bara, mwaka wake wa pili kazini. Alitueleza kwamba wazee wengi hukaa vile vile, wakiogopa kugusa vitu wasije wakadaiwa. Akainama, akamwambia mama: "Kila kitu hapa kimeshalipiwa. Jinyoshe." Mama akamwombea dua ndefu, ya ndoa na ya watoto wema, na binti yule akaiitikia amina yote mpaka mwisho. Kisha mama akavua viatu, akaegemea.

Kwa msafiri wa umra, sehemu yenye manufaa zaidi katika sebule ile si mkahawa. Ni bafu. Ndege itokayo Doha kwenda Jeddah hupita juu ya miqati ya Qarnul-Manazil, au usawa wake, muda mfupi kabla ya kutua. Kwa hiyo josho la sunna ni bora lifanywe ardhini, na nguo za ihramu zivaliwe kabisa. Tulipewa chumba cha kuogea chenye mlango wa kufunga, taulo safi na maji ya moto yasiyokatika. Mwanamke wa Pwani aliyezoea ndoo na kata ataelewa furaha ya mama alipotoka humo, uso umemng'aa, akisema magoti yamelainika. Tulikuwa tumechukua sabuni isiyo na manukato, nasi twawanasihi wenzetu wafanye hivyo, maana anayeshatia nia amekatazwa manukato, na vitambaa vya kupangusia mikono vinavyogawiwa katika ndege mara nyingi hunukia.

Kisha tukaenda katika chumba cha kuswalia cha wanawake, kilichomo humo humo sebuleni. Hapo mama alisimama, akasita. Maisha yake yote ameswali akielekea kaskazini, kwani Makka iko karibu sawasawa kaskazini ya Mombasa. Doha iko mashariki ya Makka, na alama ya kibla ilielekeza magharibi. Mama aligeuka polepole, akatuambia kwa sauti ya chini: "Kumbe tumeshaanza kuizunguka." Tukaswali Magharibi na Isha kwa pamoja, Isha kwa kupunguza, kama ilivyoruhusiwa msafiri.

Chakula kilikuwa kingi kuliko maelezo: wali, nyama za kuchoma, saladi za kila namna, mikate ya moto, halua, tende, na kahawa ya Kiarabu yenye iliki. Wahudumu walituhakikishia kuwa nyama yote ni halali. Mzazi anayesafiri na vijana ajue pia kwamba humo mna sehemu inayotoa vileo. Haijifichi, lakini nafasi ni kubwa, na mtu aweza kuchagua kukaa mbali nayo kama tulivyofanya. Jambo lililotutia huzuni lilikuwa juu ya meza, na halikufanywa na wenyeji bali na sisi wageni. Sahani zilijazwa, zikaonjwa, zikaachwa. Tuliona nyama nzima nzima zikirudishwa jikoni kutupwa. Kitu kikiwa hakina bei mbele yako, ni rahisi kusahau kwamba bado ni neema na kwamba israfu bado ni israfu. Mama alikula tende tatu, kikombe cha kahawa na wali kidogo, akaifuta sahani yake kwa mkate.

Kwa faida ya watakaosafiri, tuseme machache. Kinachofungua mlango wa sebule kama hii ni daraja la tiketi yako au kadi ya uanachama ya msafiri wa mara kwa mara. Lakini si kila tiketi ya daraja la biashara ina ruhusa hiyo; zile za bei nafuu zaidi huenda hazina, kwa hiyo ulizeni kabla ya kulipa. Ambaye hana asihuzunike. Uwanja wa Hamad una misikiti midogo ya wote, una vyumba vya utulivu vyenye viti vya kujilaza, vya wanaume mbali na vya wanawake mbali, na tangu mwaka 2022 una bustani kubwa ya miti ndani ya jengo. Hivyo vyote ni bure.

Mama alilala kama saa mbili, usingizi wa kweli, miguu imeinuliwa. Alipoamka alitazama pande zote, akauliza: "Jirani yangu yuko wapi saa hizi?"

"Yuko huko chini, mama, pamoja na wenzetu."

"Amekaa juu ya nini?"

Hatukuwa na jibu. Hatukuwa tumekwenda kumtazama.

Mama akatafuta viatu vyake. "Nipelekeni kwa wenzangu," akasema. Tulimkumbusha kwamba zimebaki saa mbili, kwamba viti vya huko chini ni vigumu, na kwamba kaka yetu alidunduiza miaka mitatu kwa ajili ya kiti hiki. Yeye akajibu bila hasira: "Mwanangu amenipa raha, na raha nimeipata. Hakunipa ili nikae peke yangu."

Tukashuka. Tuliwakuta wenzetu karibu na lango la ndege ya Jeddah, wamekaa kwenye viti vya safu, mizigo miguuni. Mjomba alikuwa ameshavaa shuka zake mbili nyeupe. Jirani alipomwona mama alishika kidevu: "Bi mkubwa, wamekufukuza huko juu?"

"Wamenikirimu mpaka nimeona haya. Nimekuja kukuoneni nyinyi."

Akafungua mkoba ule aliokuwa ameukumbatia tangu Mombasa. Ndani mlikuwa na kopo la mahamri aliyoyapika alfajiri ya siku ya safari. Yalikuwa yameshapoa na kukauka kidogo, na hapakuwa na mbaazi, lakini yaliliwa yote. Mazungumzo yakanoga: nani ana ganzi ya miguu, nani kasahau dawa, nani ataomba nini mbele ya Al-Kaaba. Wapita njia walilazimika kutuzunguka. Hapakuwa na mlinda mlango wala kidimbwi cha maji, lakini lilikuwa baraza kamili.

Simu ikalia. Kaka yetu alikuwa amepata nafasi kati ya safari mbili. Akauliza kwa haraka, kama mtoto: "Mama, umeiona?"

"Nimeiona, baba. Nimeoga maji ya moto, nimeswali, nimelala hata nimekoroma. Mungu akulipe, na akujaalie nawe uingie siku moja."

Tulisikia kaka akinyamaza, kisha akicheka, na sauti yake haikuwa kavu. Simu ilipokatika, jirani alimuuliza mama mbona hakumwambia yuko wapi. Mama akajibu: "Nimemwambia alilotaka kulijua. Na lote ni kweli."

Tangu tulipotoka Mombasa tulikuwa na swali moyoni ambalo hatukulisema: je, fedha zile hazikuwa israfu? Zingeweza kumsomesha mtoto, zingeweza kuezeka paa. Leo tunaona hivi. Kama mama angefika Makka amevunjika mgongo, tungezijutia fedha tulizookoa. Alifika ana nguvu, akatufu kwa miguu yake mwenyewe mizunguko saba, akiwa amemshika jirani yake mkono. Katika sa'i ndipo alipokubali kiti cha magurudumu. Raha ile ilikuwa ya kumfikisha ibadani, na alipotosheka nayo aliinuka akaiacha. Tungebaki sisi peke yetu, tungekaa mpaka dakika ya mwisho na kujaza sahani ya pili.

Tulipanda ndege, tukarudi katika viti vyetu vya mbele, na pazia likatutenga na wenzetu. Jeddah ilipokaribia, rubani akatangaza kuwa miqati imewadia. Sauti za talbiya zikaanza nyuma, zikaja mbele safu kwa safu. Mwanamume aliyekaa mbele yetu, ambaye sebuleni tulimwona amevaa suti na saa ya thamani, sasa alikuwa na shuka mbili nyeupe kama za mjomba. Mama akaitikia kwa sauti ndogo, na nyuma ya pazia tukaitambua sauti ya jirani yake.

Mwenyezi Mungu awatakabalie waliokwenda, awafungulie njia walio na nia, na awalipe kheri watoto wote wanaofanya kazi ugenini kwa ajili ya kuwaenzi wazazi wao. Amin.