Jani Linalonyamazisha Jino

Mteja alitaka maneno 1,200 kuhusu tulsi, ule mrehani mtakatifu wa Wahindi, na faida zake kwa mwili na kinywa. Maelekezo yalikuwa mafupi: faida kumi, kila moja na kichwa chake, lugha ya kirafiki, na usimwogopeshe msomaji. Kazi za aina hii ndizo zinazonilisha tangu niache chuo nikiwa mwaka wa tatu, karo iliponishinda. Nimeandika kuhusu magodoro ya Kanada, chakula cha paka, bima ya magari ya Texas. Kwa kawaida sihitaji kukijua kitu ili nikiandike. Lakini wiki hiyo nilikuwa nyumbani Nyamira, na magokoro, yaani nyanya yangu, alikuwa ameketi ng'ambo ya meza na jani shavuni, akilitafuna kwa upande mmoja tu wa mdomo. Chumba kizima kilinuka karafuu.

Nilimuuliza ni nini. Akanijibu jinsi wazee wa kwetu hujibu maswali ya watu wa Nairobi: "Ni jani."

Jani lenyewe si tulsi, tuelewane hapo mapema, kwa sababu mtandaoni watu huchanganya mimea hii kama kete. Tulsi, Ocimum tenuiflorum, ni mmea mfupi ambao familia za Kihindu huupanda uani au mlangoni, na kwao ni mungu wa kike, mpenzi wa Vishnu, si kiungo cha mboga. Nairobi utaupata kwenye pakiti za chai zilizotoka India, kwa bei ya kukufanya ufikirie mara mbili. Huu wa magokoro ni binamu yake, Ocimum gratissimum, kichaka kinachoweza kumpita mtu urefu, shina gumu kama mti, majani mapana yenye meno pembeni. Humea chenyewe kando ya ua na karibu na vyoo, na hakuna anayekilipia. Pwani wana mrehani wao wa kusokota na asmini kwenye vikuba, na wana kivumbasi, jina linalobeba aina kadhaa za ukoo huu. Halafu kuna binamu mwingine mwenye harufu ya kafuri, Ocimum kilimandscharicum, ambaye wakulima wa kikundi cha Muliru kule Kakamega walimgeuza dawa ya kuchua iitwayo Naturub, wakisaidiana na watafiti wa icipe. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Tuzo ya Equator. Sisi wa Gusii tumebaki na ndizi, chai na siasa.

Magokoro hana habari na Kilatini. Anachojua ni kwamba majani machanga hufaa kuliko makuukuu, na ya asubuhi kuliko ya jua kali. Mafua yakimbana, anayachemsha kwenye sufuria, anajifunika blanketi na kujifukiza mpaka jasho limtoke. Jioni anatupa matawi mawili kwenye makaa ili mbu wahame. Tumbo likisokota, anakunywa maji yake vuguvugu. Na jino likiuma anatafuna majani matatu au manne pamoja na chembe za chumvi, anaikusanya ile sagwa juu ya jino, anakaa nayo kimya kwa muda wa kupika chai, kisha anaitema. Hameza. Kumeza, anasema, ni ya tumbo. Jino halina tumbo.

Nilichukua maneno yake nikaenda kuyatafuta kwenye utafiti, kwa sababu mteja alitaka "ushahidi wa sayansi", na kusema kweli nilitarajia kukuta hewa. Sikukuta hewa.

Ndani ya tulsi na ndani ya jani letu kuna kitu kinachoitwa yujenoli. Hicho hicho ndicho kiini cha mafuta ya karafuu, ile karafuu iliyotajirisha Unguja na Pemba. Watafiti wa Kenya walipokamua mafuta ya Ocimum gratissimum kutoka Meru na kuchapisha matokeo mwaka 2007, karibu asilimia 69 ya mafuta hayo ilikuwa yujenoli, na yaliwazuia bakteria wa aina kadhaa pamoja na fangasi wa kinywani, Candida albicans. Yujenoli hutia ganzi. Ikigusa neva ya jino, neva hupunguza kelele. Ndiyo maana madaktari wa meno wameitumia kwa vizazi: wanachanganya unga wa zinki oksaidi na yujenoli, wanapata udongo mweupe wa kuziba jino kwa muda. Ile harufu inayokugonga ukifungua mlango wa kliniki ya meno, nusu yake ni hiyo.

Kuhusu tulsi yenyewe, kuna utafiti wa India wa mwaka 2014 ambao niliusoma mara mbili. Wanafunzi wa udaktari 108 waligawanywa makundi matatu. Wengine walisukutua kwa maji ya tulsi, wengine kwa klorheksidini, dawa ambayo madaktari wa meno huitegemea, na wengine kwa maji ya chumvi tu. Baada ya siku 30, tulsi ilikuwa imepunguza utando wa meno na uvimbe wa fizi sawasawa na klorheksidini. Si jambo dogo hilo, hasa kwa nchi yetu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa 2015 ulikuta fizi zinazotoa damu kwa takriban asilimia 98 ya watu wazima waliopimwa. Maana yake, wewe unayesoma hapa, ukitema mate mekundu asubuhi ukadhani ni mswaki mgumu, uko na wenzako wengi sana.

Kwa hivyo niliandika. Faida kumi zilitoka bila shida. Nikaongeza aya moja mwishoni: kwamba jani hutuliza maumivu na husaidia fizi, lakini halizibi shimo, na jino lililotoboka ni la daktari. Mteja alilipa, akaiondoa aya hiyo.

Wakati huo shavu la magokoro lilikuwa limeanza kuvimba.

Nikuambie jinsi jino linavyokufa, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa anajua, mimi nikiwemo. Bakteria wa kinywani hula sukari na kutoa asidi. Asidi hulainisha ganda la jino mpaka litoboke. Nyamira tunakunywa chai kutwa, na majani ya chai yana floraidi ambayo hulikaza ganda hilo, sema sisi tunatia vijiko vinne kwa kikombe, halafu mchana tunatafuna muwa. Shimo likifika ndani kwenye neva, hapo ndipo unalala ukiwa umekumbatia mto. Wiki, mwezi. Kisha siku moja maumivu yanaisha yenyewe. Unashukuru Mungu, unashukuru na jani. Kumbe neva imekufa. Bakteria wako huko ndani bado, sasa hakuna wa kupiga kengele, na usaha unajikusanya mzizini. Ukiwa kwenye jino la chini, unaweza kushuka chini ya ulimi hadi shingoni, na mtu akakosa pumzi.

Jani la magokoro lilifanya kazi. Hilo ndilo lililonichanganya kichwa. Lingekuwa la uongo, angeliacha siku ya pili na kupanda matatu. Lilimpa miezi mitano ya usingizi, na miezi hiyo mitano gego lake la chini lilikuwa linaoza kwa amani.

Nyumbani kila mtu alikuwa na lake. Mama alitaka hospitali. Mjomba alisema hospitali hawatibu meno, wanayang'oa, na ukishaanza kung'oa moja mengine hufuata kama ng'ombe wakitoka zizini. Jirani alileta tumbaku ya kunusa atie kwenye shimo. Mwingine akapendekeza mafuta ya taa, naye akafukuzwa na mama. Magokoro mwenyewe alisema haumwi. Na alikuwa anasema kweli. Hakuwa anaumwa. Alikuwa amevimba tu, na usiku mwili wake ulikuwa wa moto.

Tena ana sukari. Anameza metfomini asubuhi na jioni, na tembe zake ziko kwenye kopo la Kimbo juu ya kabati. Sukari na fizi ni maadui wanaolishana: mwenye sukari huugua fizi kwa urahisi na vidonda vyake hukawia kupona, na fizi zilizooza huifanya sukari iwe ngumu kutulia. Sasa angalia: tulsi nayo hushusha sukari. India walijaribu majani yake kwa wagonjwa wa kisukari na kuchapisha mwaka 1996. Sukari ya kabla ya kula ilishuka kwa karibu asilimia 18. Kwenye makala ya mteja hiyo ilikuwa faida namba tatu. Kwa ajuza aliyekwisha kumeza tembe, na ambaye hali vizuri kwa sababu ya taya, sukari kushuka zaidi si faida. Nilipomuuliza kama amewahi kumwambia daktari wa sukari kuhusu majani, alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama humwambia daktari kuhusu mboga.

Na hapo sikuwa na jibu. Daktari hakuwahi kumuuliza. Kwetu zamani kulikuwa na abanyamoriogi, waganga wa mitishamba, na Wagusii ndio wale ambao waganga wao walifungua mafuvu ya watu na watu wakapona, jambo lililowaleta madaktari wa Ulaya na kamera zao. Mwenye dawa alikuwa anakujua wewe na ukoo wako. Leo ukienda soko la Daraja Mbili mjini Kisii utawakuta wauza dawa na vifurushi vyao chini, wakikusikiliza shida zako zote. Ukienda hospitalini unapata dakika nne na karatasi. Watu hawaendi kwa jani kwa ujinga. Wanaenda mahali wanapoulizwa.

Mwishowe kilichompeleka magokoro ni kwamba alishindwa kufungua mdomo kula ugali. Tulimpeleka kliniki moja mjini Kisii, siku ya mvua, mimi nikimshika mkono na mama akishika mkoba kama kuna mtu aliyetaka kuunyang'anya. Daktari alikuwa msichana mdogo, labda ananizidi miaka mitatu. Alimwita shosho. Alimpima sukari kwanza, akampa dawa za kuua bakteria, akatoboa uvimbe na kutoa usaha. Akaturudisha baada ya siku tano kung'oa gego. Alipomaliza hilo aliona jino la jirani nalo limeanza kutoboka, ila shimo lilikuwa bado halijafika kwenye neva. Hili, akasema, tunaliokoa. Akakoroga udongo wake mweupe kwenye kioo kidogo.

Magokoro alikuwa amefumba macho. Akayafumbua. Mdomo ulikuwa na ganzi, maneno yakitoka yamepinda, lakini tulimsikia: "Hilo ni jani langu."

Daktari alicheka, akaniuliza anasema nini. Nikamweleza. Akaacha kukoroga. Akamuuliza jani gani, anatafuna mara ngapi, anameza au hamezi, amelitumia kwa muda gani, na lile la tumboni je, anakunywa kiasi gani na tembe za sukari. Magokoro alijibu kila swali, kwa Kiswahili chake cha sokoni, ganzi na yote, na sikumbuki kumwona akikaa wima hivyo mbele ya mtu wa koti jeupe. Daktari aliandika kila kitu kwenye faili. Akamwambia asukutue kwa maji ya jani akitaka, mradi apige mswaki wenye floraidi asubuhi na kabla ya kulala, ila ya kunywa aache mpaka wapime sukari mara kadhaa waone inavyokwenda. Na jino lolote likiuma zaidi ya siku mbili, au likiuma kisha likanyamaza ghafla, aje.

"Likinyamaza pia nije?" magokoro aliuliza.

"Hasa likinyamaza."

Kung'oa kulitugharimu shilingi mia nane. Kuziba lile la pili, elfu mbili na mia tano, na hiyo ndiyo hesabu inayofanya mjomba aonekane mwenye busara: kuokoa jino ni mara tatu ya kulitupa. Tulilipa kwa pesa za magodoro na paka.

Kichaka bado kiko pale kando ya njia ya jikoni. Watu bado huja kuomba majani, hasa jioni, wakiwa wamejishika taya. Magokoro huwapa. Lakini kwanza huwakalisha kwenye kigoda, huniita nilete simu, nimulike. Anawaambia wafungue mdomo, anainama na miwani yake iliyofungwa kwa uzi, anachungulia huku na huku bila haraka.

"Inaanza lini hii?" anauliza. "Na usiku je?"