Barua za Walio Mbali

Barua ya msafiri huaminiwa upesi, na aghalabu huficha mengi. Aliye mbali huandika kwamba hajambo, kazi ipo, na baridi si kitu. Kisha hupeleka fedha kidogo, nazo fedha husimama badala ya habari. Walio nyumbani hupokea, hushukuru, wala hawaulizi zaidi. Hivyo kimya huwa mapatano baina ya watu wapendanao.

Hadithi zielezazo maisha ya wageni katika miji mikuu ya dunia huyavunja mapatano hayo. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Unguja mwaka 1948 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, amekichunguza kimya hicho kwa subira kubwa. Katika Admiring Silence, kitabu cha mwaka 1996, yumo mtu wa Unguja aliyeishi Uingereza miaka mingi na mwanamke wa Kiingereza, wakapata binti, na mama yake hana habari. Arudipo kwao, akuta ametafutiwa mchumba. Katika Gravel Heart, cha mwaka 2017, kijana Salim akaa London na kumwandikia mama yake barua asizozipeleka. Zipelekwazo ni za adabu. Zibakizo daftarini ndizo za kweli, na mama afariki bila ya kuzisoma.

Nisomeshapo vitabu hivi huwakumbuka watu wa Ufipa. Sumbawanga si London. Ni mji wa uwanda wa juu, wenye mahindi, ulezi na upepo wa baridi, kati ya Bonde la Rukwa na Ziwa Tanganyika. Lakini zamani za utawala wa Waingereza watu wa huku walikwenda kukata mkonge Tanga, upande wa pili wa nchi, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alirudi na mablanketi mawili na Kiswahili, lugha ambayo leo ndiyo riziki yangu. Juu ya miaka ile alikuwa na jibu moja tu: "Tulifanya kazi." Hakuna aliyemsukuma aseme zaidi, naye akazikwa na habari zake. Salim aliacha daftari. Babu hakuacha hata ukurasa.

Filamu nayo ina lake. Pressure ya Horace Ové, mzaliwa wa Trinidad, ni filamu ya mwaka 1976. Yamfuata Tony, kijana aliyezaliwa London na wazazi wa Trinidad, aliyemaliza shule na sasa atafuta kazi asiipate. Barua yaweza kulimaliza jambo hilo kwa maneno mawili, "natafuta kazi." Picha hutulazimisha kuutazama uso wa mtafutaji.

Watakuwapo wasemao kwamba kazi hizi ni za Kiingereza, za watu wa miji mikubwa, nasi hazituhusu. Sikubaliani nao. Tangu mwaka 2022 riwaya ya Gurnah, Paradise, yasomwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis; basi mlango umekwisha funguliwa, na riwaya za London zastahili kuufuata. Tena jambo lenyewe tunalo nyumbani. Vijana wa Sumbawanga waendao Dar es Salaam hupiga simu badala ya kuandika barua, lakini neno ni lile lile: "Sijambo, msiwe na wasiwasi." Simu imefupisha njia, haikuurefusha ukweli.

Kwa hiyo sisomeshi vitabu hivi ili wanafunzi waijue London. Nasomesha ili kila mmoja, apokeapo fedha au salamu kutoka mbali, ajue kwamba nyuma yake yupo mtu mwenye mengi asiyoyasema. Fasihi haiwezi kumrudisha msafiri, lakini yaweza kumfundisha aliyebaki namna ya kuuliza, maadamu wa kujibu yu hai.