Jalada Lisilojaa

Kitabu cha HW5 hakitupwi. Hilo ndilo nililoambiwa kwanza nilipoanza kumsaidia Mtendaji wa Kata ya Ndalambo kazi za ukarani, enzi hizo Ndalambo ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Mbozi na barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga ikiwa vumbi tupu. Kwa asiyekijua, HW5 ni kitabu cha stakabadhi cha halmashauri. Karatasi ya juu anachukua mlipaji, nakala inabaki kitabuni, na kaboni ikichakaa unakandamiza kalamu mpaka kidole kinauma. Ushuru wa mahindi, wa ulezi, wa ng'ombe, vyote humo. Kitabu kikiisha kilifungwa kwa kamba kikasubiri gari la kwenda Tunduma, kisha Vwawa, mkaguzi akakione. Sababu sikuelezwa. Mtendaji alisema tu, "Kijana, kikipotea utalipa wewe."

Karatasi zisizo za fedha hazikuwa na mwenyewe. Mihtasari ya mikutano ya kijiji, barua za migogoro ya mashamba, orodha za kaya, zote zilirundikwa kwenye kabati mpaka mchwa wazifikie au mtu akose cha kuwashia jiko la chai. Wala hatukuwa peke yetu. Stendi ya Tunduma niliwahi kununua karanga zilizofungwa kwenye dokezo la ofisi lenye mhuri na sahihi, nikawa natafuna huku nasoma habari za likizo ya mwalimu nisiyemjua. Muuza karanga alikuwa na furushi zima la namna hiyo. Hakuna aliyeshangaa, hata mimi.

Kushangaa nilianzia Tabora, nilipokwenda kusomea utunzaji wa kumbukumbu katika Chuo cha Utumishi wa Umma, ambako wenyeji bado walikuwa wanapaita Uhazili. Huko nikasomeshwa Sheria Na. 3 ya mwaka 2002, ya kumbukumbu na nyaraka za taifa: kwamba kumbukumbu ya umma haiteketezwi bila idhini ya Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka, kwamba zile zenye thamani ya kudumu hufunguliwa kwa wananchi baada ya miaka 30, na kwamba kumbukumbu ni taarifa iliyorekodiwa kwa umbo lolote lile. Hayo maneno ya "umbo lolote" tuliyapita haraka. Ofisi nyingi tulizozijua zilikuwa na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa, na mwenye ufunguo wa chumba chake alikuwa safarini.

Tulilosoma kwa kina ni jedwali la uhifadhi na uteketezaji. Kila kundi la kumbukumbu lina mstari wake: likae masjala miaka mingapi likiwa hai, likae miaka mingapi kwenye kituo cha kumbukumbu tuli, na mwisho wake ni moto au ni Nyaraka za Taifa. Nililipenda jedwali hilo kwa sababu lilimtoa mtu kwenye kubahatisha.

Masjala yenyewe ilikuwa inalisaidia. Jalada lina folio zenye namba kwa kalamu nyekundu kwenye pembe ya juu kulia, zimeshikwa kwa tagi, na mbele kuna karatasi ya madokezo ambako mkubwa anaandika "BU" na tarehe ili limrudie siku hiyo, au "PA" likalale. Folio zikikaribia 100 jalada linanenepa, tagi inaanza kukata karatasi, na hapo huna hiari: unalifunga, unaandika juu yake tarehe ya kufungwa, unafungua VOL. II. Tarehe ile ndiyo jedwali linaanzia kuhesabu. Rafu nazo zikijaa, mkuu wa idara anakuja mwenyewe kulalamika kuwa hana pa kupita, na malalamiko yake ndiyo yanayozaa orodha, kikao, barua ya kuomba idhini na, miezi mingi baadaye, moto uliowashwa mbele ya mashahidi wanaotia sahihi. Siku zote nimeamini kuwa rafu iliyojaa ilitusukuma kufuata sheria kuliko waraka wowote.

Mwaka 2012 Momba ikamegwa kutoka Mbozi, na Ndalambo ikahamia upande wa Momba. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ukamegwa kutoka Mbeya. Gazetini ni sentensi mbili, lakini masjala ni kuuliza jalada kwa jalada: mtumishi aliyefanya kazi Vwawa miaka kumi na sasa yuko Chitete, jalada lake binafsi linamfuata lote au nakala? Mgogoro wa mpaka wa vijiji viwili, kimoja huku na kingine kule, unakaa kwa nani? Jedwali lilitufaa sana, maana jalada lililokwisha muda wake halikuwa na haja ya kupandishwa gari.

Kisha ukaja uhakiki wa vyeti vya watumishi. Wakati huo mishahara ilikuwa imeshaingia kwenye mfumo zamani, na wapo waliokuwa wakisema majalada binafsi sasa ni mzigo. Ila kwenye mfumo tulikuwa na jina, cheki namba na ngazi ya mshahara; nakala ya cheti cha kidato cha nne ilikuwa folio ndani ya jalada. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma orodha ya watumishi 9,932 waliodaiwa kuwa na vyeti vya kughushi. Waliokata rufaa walihitaji karatasi. Mwaka 2022 Serikali iliporidhia kuwarejeshea walioondolewa michango yao ya hifadhi ya jamii, karatasi zikahitajika tena. Nawajua waliotafuta barua ya ajira ya kwanza kwa wiki kadhaa, na kuipata kwenye jalada ambalo mtu fulani aliwahi kupendekeza lichomwe.

Mifumo ilizidi kuja baada ya hapo, na siidharau. Namba ya malipo ya Serikali ilipoenea kuanzia 2017, na mashine za POS zikachukua nafasi ya HW5, mianya mingi ya kula ushuru iliziba. Mfumo wa majalada wa Ofisi Mtandao ulinifurahisha kwa kuwa aliyeutengeneza aliijua masjala: madokezo yamo, folio zimo, jalada lina namba yake ileile. Ila jalada la ndani ya kompyuta halinenepi. Tagi haikati kitu. Hakuna mkuu wa idara anayekosa pa kupita. Kwa hiyo halifungwi, na lisipofungwa halina tarehe ya kufungwa, na jedwali linabaki ukutani halina pa kuanzia kuhesabu.

Moto wake unakuja kwa njia nyingine. Mifumo inapishana: TANePS ya manunuzi imeiachia nafasi NeST mwaka 2023, na upimaji wa watumishi umetoka OPRAS ukaingia PEPMIS. Kila mfumo unapostaafu, mtu anaamua nini kihamishwe na nini kibaki nyuma. Huo ni uteketezaji, hata kama hakuna moshi, na ndio tunaoufanya bila orodha, bila idhini, bila shahidi. Katika ofisi moja niliyopitia, ambayo sitaitaja, walipobadili mfumo wa mapato walihamisha madeni tu na kuacha historia ya malipo. Akaja mwenye kibanda anadaiwa kodi ya mwaka aliokwisha kulipia. Stakabadhi ya POS akaitoa kwenye pochi, karatasi ya joto, maandishi yamefifia mpaka imebaki nyeupe. Mfumo wa zamani ulikuwa unafunguliwa na fundi mmoja, naye alikuwa amehama kituo, na nywila yake haikuwa ikifanya kazi tena. Mama yule akalipa mara ya pili. Ingekuwa HW5, nakala ya kaboni ingemtetea.

Upande wa pili nao umebana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa za mtu zisikae kupita muda unaohitajika kwa lengo ambalo zilikusanywa kwa ajili yake. Kwa miaka yote kosa nililofundishwa kuliogopa lilikuwa kutupa mapema. Sasa kutunza namba za simu za watu, magonjwa yao na madeni yao milele, kwa sababu tu seva ina nafasi, nako ni kosa.

Juzi nilikaa na kijana wa TEHAMA tunaandika mahitaji ya mfumo mpya. Nikamwambia kila aina ya kumbukumbu iwe na sehemu tatu asizoziruhusu kubaki wazi: tukio linaloanzisha hesabu, muda, na cheo cha anayeidhinisha kufuta. Akaniuliza, "Mzee, tukio si tarehe ilipoingizwa tu?" Nikamwambia hapana. Ya mtumishi ianze siku anapotoka kazini. Ya mkataba, siku mkataba unapomalizika na ukaguzi ukafungwa. Ya mgonjwa wa zahanati, tuwaulize wenye fani yao kabla hatujagusa. Ya mpaka wa kijiji isifutwe kabisa. Akakuna kichwa, akasema mfumo walionao hauwezi kujua ukaguzi umefungwa lini, labda mtu aingize kwa mkono.

"Basi aingize kwa mkono," nikasema, "na mfumo uandike ni nani aliyeingiza." Tukaanza na mapato.