Rimoti ya Mjomba

Wadau, mlioniuliza nimepotelea wapi wiki nzima, nilikuwa Iringa. Nilikwenda kumchukua Mama hospitali nimrudishe Mbeya, nikaishia kuwa mwanafunzi wa fundi simu. Ngoja niwasimulie.

Gari ni ya mjomba, ya mwaka 1999, mtumba kutoka Japani. Anaitunza utadhani mtoto wa mwisho. Aliponikabidhi ufunguo alisema, "Rimoti inasumbua kidogo, mpwa wangu. Ibonyeze mara tatu nne, itaitika." Nikajibu, "Sawa mjomba," nikaondoka alfajiri.

Makambako nikashuka kunywa chai, maana baridi ya pale mnaijua. Kurudi, rimoti kimya. Nikafungua mlango kwa ufunguo wenyewe, king'ora kikaanza kulia! Watu wote wananitazama kama mwizi. Nilipochomeka ufunguo na kuwasha, kikanyamaza. Mwandishi wa habari mzima, sikujiuliza kwa nini.

Iringa, pale Miyomboni, nikanunua betri mpya, ile bapa ya volti 3. Hakuna kitu. Nikakumbuka ujanja wa chuo: rimoti ya tivii ukiielekeza kwenye kamera ya simu na kubonyeza, mara nyingi unaona mwanga. Nikajaribu, giza. Nikatoa hukumu kwamba imekufa. (Baadaye nilichekwa sana. Ya tivii hutumia mwanga; ya gari hii ni kijiredio, kamera haiwezi kuona mawimbi yake.)

Usiku, nyumbani kwa mama mdogo Kihesa, nikaibandua kwa kisu cha jikoni. Ndani sikuona cha maana. Nikaifunga, nikalala.

Asubuhi starta inazunguka, injini haiwaki. Na saa nne Mama anaruhusiwa! Nikamfuata kwa bajaji. Mshono wa tumboni ulikuwa bado mbichi, na Iringa mnaijua ilivyo ya kupanda na kushuka. Kila tuta Mama alinibana mkono bila kusema neno. Bora angenigombeza.

Nikampeleka kupumzika, kisha nikarudi Miyomboni kwa fundi simu mmoja, mzee wa makamo mwenye miwani minene. Nikaamkia, nikampa rimoti. Akaifungua, akaitazama kwa lenzi, akauliza swali moja tu: "Chipu iko wapi?"

Chipu gani tena?

Akanieleza taratibu. Kwenye ufunguo kama ule mna vitu viwili visivyohusiana. Kuna redio ya milango, inayotumia betri. Halafu kuna chipu nyeusi, ndogo kama mbegu ya papai, isiyotumia betri kabisa. Ukichomeka ufunguo, koili iliyozunguka swichi huipa chipu umeme kidogo, nayo hujibu kwa namba yake. Kompyuta ya gari isipoitambua namba, injini haiwaki. Ndiyo maana kule Makambako kelele zilikoma: gari lilinitambua.

Nilirudi Kihesa mbio. Mama mdogo alishafagia. Tulichambua taka sote wawili, majivu na maganda ya viazi, huku Mama akituangalia kutoka kwenye mkeka. Tuliipata baada ya kama nusu saa. Nilitaka kulia.

Ugonjwa wa rimoti yenyewe ulikuwa mdogo. Risasi inayoshika kibati cha betri kwenye saketi ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ukibonyeza kwa nguvu vinagusana, ukiachia vinaachana. Hizo ndizo zile "mara tatu nne" za mjomba, na betri mpya isingesaidia. Fundi akasafisha kwa spiriti, akachomelea upya, akairudisha chipu mahali pake. Dakika kumi. Shilingi 5,000. Nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei ya ufunguo mpya Dar!

Kesho yake tulirudi Mbeya polepole, Mama kalala kiti cha nyuma tangu Mafinga hadi Igawa. Mjomba alitupokea getini, akachukua ufunguo kabla hata ya mizigo. Akabonyeza. Milango ikaitika papo hapo.

Akabonyeza tena mara tatu.