Dada, Geuza Uso Kidogo

Nikwambie ukweli msomaji wangu, kabla sijawa mhariri mimi nilikuwa mtu wa mitindo. Mwaka 2011 nilikuwa chuo nasomea mawasiliano, na wikiendi najifunza kupiga picha za mavazi kwa mpenzi wangu wa wakati ule. Alikuwa na studio ya chumba kimoja Sinza, taa mbili na shuka jeupe ukutani. Tulishapanga yote: tuoane, tufungue studio kubwa. Na kazi yenyewe nilikuwa naiweza. "Inua kidevu. Shusha bega. Hapo hapo, usitikisike." Mrembo anatii, unabofya, basi.

Kisha nikaomba kujitolea gazetini, nijifunze picha za habari. Nilidhani ni kazi ile ile, tofauti ni viatu tu.

Desemba hiyo mvua ikaipiga Dar isivyo kawaida. Makumi ya watu walikufa, na bonde la Msimbazi likageuka ziwa. Mhariri wa picha, mzee tuliyezoea kumwita Mjomba, akanituma Jangwani. Nikafika maji yameanza kupungua, tope hadi magotini, magodoro juu ya mabati. Mlangoni kwa nyumba moja amekaa mama na mwanawe, kachoka, kainamisha kichwa. Mwanga ulikuwa mzuri mno upande wa pili.

Hapo ndipo Sinza ilipoamka ndani yangu. "Dada, simama kidogo. Mpakate mtoto. Geuza uso kwenye mwanga." Akafanya vyote. Nikamwendea, nikamwekea kanga sawasawa begani, kama navyofanya kwa wanamitindo. Mwe! Picha ilitoka kali.

Naondoka, akaniita: "Kwa hiyo jina langu limeshaandikwa?"

Kumbe alidhani naandikisha watu wa msaada. Ndiyo maana alisimama. Nikamjibu kitu cha ovyo, sikumbuki hata nini, nikaondoka.

Ofisini Mjomba akaitazama ile picha muda mrefu. "Ulimkuta hivi?" Nikasema ndiyo. Hakubisha. Akachukua kamera, akarudisha picha nyuma moja moja: kasimama, kanga sawa, kasimama, kanga imeteleza, kakaa, kainama. Kamera za dijitali hazina siri. Nilitamani sakafu inimeze.

Nikajitetea kisomi, si unajua tena wasomi. Nikamtaja Lee Miller, Mmarekani aliyekuwa mwanamitindo, akawa mpigapicha wa Vogue, kisha akaliripotia jarida hilo hilo Vita vya Pili. Ile picha yake maarufu, yumo kwenye bafu la Hitler jijini Munich, Aprili 30, 1945, ilipangwa waziwazi. Aliipiga mwenzake David Scherman, picha ya Hitler imeegeshwa ukingoni, buti za Miller zimechafua mkeka wa bafu kwa tope la kambi ya mateso ya Dachau, walikotoka siku hiyo hiyo. Mbona yake inasifiwa?

Mjomba akasema, "Yule alijipanga mwenyewe, binti. Wewe umempanga mtu aliyepoteza nyumba."

Wakatumia picha ya mwenzangu, mbaya kabisa kwa macho yangu, kona imekatwa na kidole chake.

Jioni nikamsimulia mpenzi wangu. Akacheka. "Si umeipata picha? Nani angejua?" Sentensi ndogo tu, lakini usiku ule sikulala. Nikaanza kujiuliza ni mangapi mengine kati yetu yalikuwa yanasimama kwa "nani angejua". Sitayaeleza yote hapa, mengine si ya kwako wala ya gazeti. Ila harusi haikuwepo.

Mwanzoni mwa 2012 wahanga walihamishiwa Mabwepande. Nikaenda kwa nauli yangu, nikauliza hema kwa hema hadi nikampata. Nilikaa karibu saa nzima bila kutoa kamera begini. Nikamwambia kwamba siku ile sikuwa mtu wa msaada. Akanyamaza, kisha akasema alishajua, akaendelea kuosha sufuria. Nikamwomba ruhusa nimpige hivyo hivyo. Akasema sawa.

Kanga ilikuwa upande, jicho moja limefumba kwa moshi. Mjomba akaichukua. Ilitoka ukurasa wa ndani, ndogo kama stempu, na jina lake chini. Nalo wakalikosea herufi moja.